UZI: Angelos Charisteas hakuwa "mtu wa bao moja". Njooni tumwangalie vizuri

Mwanakona (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi mmoja humu ndani mtu aliandika kwamba Angelos Charisteas alikuwa "mtu wa bao moja". Aliandika kwa kupita tu, akaendelea na mambo yake, lakini mimi neno hilo limenikaa kooni. Sikutaka kumjibu kule kwa mistari miwili. Nimeona nimfungulie Mgiriki huyu uzi wake, niseme ninayoyajua, na mwenye la kuongeza aongeze.

Tuanze na bao lenyewe, maana bila hilo wengi wetu tusingemjua. Tarehe 4 Julai 2004, uwanja wa Luz, Lisbon, fainali ya Euro. Kwa saa zetu mpira ulianza saa 3:45 usiku. Kibanda umiza nilichokuwamo kilijaa hadi watu wanachungulia kwa nje, na karibu wote tulikuwa upande wa Ureno: Figo, Deco, na yule kijana Cristiano Ronaldo wa miaka 19. Dakika ya 57 Angelos Basinas akapiga kona kutoka kulia. Charisteas, jitu la mita 1.91, akaruka juu ya Costinha. Kipa Ricardo akatoka langoni, akaukosa mpira. Kichwa, nyavuni. Ricardo huyu siku 10 tu nyuma alikuwa shujaa wa nchi nzima: alivua glavu, akapangua penalti ya England kwa mikono mitupu, kisha akaenda mwenyewe kupiga ya ushindi.

Mpira ukaisha 1-0. Kabla ya mashindano yale Ugiriki haikuwahi kushinda hata mechi moja kwenye fainali za Euro wala za Kombe la Dunia. Mwaka 1994 walikwenda Marekani wakapigwa mechi zote 3, wakaruhusu mabao 10 na wenyewe wasipate hata moja. Watu hao hao ndio walioondoka Lisbon na kombe.

Mfungaji alikuwa na miaka 24. Umri huo straika ndiyo kwanza anaanza kuiva. Lakini kuanzia hapo hadi anatundika daluga, Charisteas alizunguka Uholanzi, Ujerumani, Ufaransa, akarudi Ugiriki, akamalizia Saudi Arabia. Kwa nini hakutulia? Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze.

Ngamiani Stendi

Naweka kambi hapa. Mkuu, usisahau kwamba lile halikuwa bao lake pekee kule Ureno. Ufaransa ya Zidane na Henry nani aliitoa?

Mwanakona

Umenipeleka nilikokuwa nakwenda, mkuu.

Hatua ya makundi, Hispania wakatangulia kwa bao la Morientes. Dakika ya 66 Charisteas akasawazisha, 1-1. Bila pointi ile Ugiriki isingevuka kundi, kwa sababu mechi ya mwisho walifungwa 2-1 na Urusi. Robo fainali wakakutana na Ufaransa, mabingwa watetezi. Dakika ya 65 nahodha Zagorakis akamzidi Lizarazu pembeni kulia, akatia krosi, na Charisteas akapiga kichwa akiwa peke yake kana kwamba yuko mazoezini. Ufaransa wakarudi nyumbani.

Ugiriki walifunga mabao 7 katika Euro ile. Yeye ana 3.

Mwaka 2008 wakaenda kutetea taji Austria na Uswisi. Wakapoteza mechi zote: Sweden 2-0, Urusi 1-0, Hispania 2-1. Bao lao pekee alifunga nani? Yeye tena, kwa kichwa tena, mpira wa adhabu wa Karagounis. Kwa hiyo jumlisheni Euro zote mbili: mabao 8 ya Ugiriki, 4 ni ya mtu huyu.

Timu ya taifa alicheza mechi 88, akafunga mabao 25. Mgiriki aliyefunga zaidi ya hapo kwa taifa ni mmoja tu, Nikos Anastopoulos mwenye 29. Na mnaikumbuka ile frikiki ya Beckham dakika za nyongeza pale Old Trafford, Oktoba 2001, iliyoipeleka England Kombe la Dunia? Watu wanaikumbuka frikiki, hawakumbuki kwamba England walianza kufungwa, na aliyewafunga kipindi cha kwanza ni Charisteas. Ile ilikuwa mechi ya pili tu ya kocha wa Ugiriki, Otto Rehhagel. Ya kwanza alipigwa 5-1 na Finland, Helsinki.

Ndiyo maana neno "bao moja" liliniuma.

Bi Kandanda

Mwanakona, takwimu nimezikubali. Ila mimi nina swali ambalo sijawahi kupata jibu. Nakumbuka wakati wa Euro watangazaji walikuwa wanasema huyu klabuni kwake hana namba. Inakuwaje mtu anasugua benchi klabuni halafu taifani anaanza kila mechi na kufunga?

Mwanakona

Dada, hapo ndipo penye kiini. Nitalijibu kirefu kidogo, nivumilie.

Charisteas ni mtu wa Serres, kaskazini mwa Ugiriki. Alikulia kimpira Aris ya Thessaloniki, akapelekwa kwa mkopo Athinaikos, akarudi, na mwaka 2002 akanunuliwa na Werder Bremen ya Ujerumani. Bremen ni nyumba ambayo Rehhagel aliifundisha miaka 14, kuanzia 1981 hadi 1995, kwa hiyo mzee alikuwa anajua vizuri kijana wake yuko mikononi mwa watu gani.

Msimu wa 2003-04 Bremen walikuwa wa moto. Ailton, yule Mbrazili mfupi mnene, alifunga mabao 28 kwenye Bundesliga. Pembeni yake Ivan Klasnić. Nyuma yao Johan Micoud anagawa mipira chini chini. Ni timu ya mpira wa ardhini na kasi. Sasa mweke humo mtu wa mita 1.91 anayeishi kwa krosi na mipira iliyosimama. Anabaki kuwa mpango wa pili. Anaingizwa dakika za lala salama mambo yakiwa magumu. Tarehe 8 Mei 2004 Bremen wakatwaa ubingwa nyumbani kwa Bayern, 3-1. Mwisho wa mwezi huo wakachukua na Kombe la Ujerumani kwa kuifunga Alemannia Aachen 3-2. Mwezi Julai yeye akaongeza la Ulaya. Makombe matatu mwaka mmoja, mengi ya dakika zake klabuni akiwa anatokea benchi.

Taifani ilikuwa kinyume. Rehhagel hakuwa na akina Micoud, alikuwa na mabeki wa kukaba mtu na mtu, Dellas anafagia nyuma yao, na mbele Vryzas katikati. Charisteas alimweka pembeni kulia. Nasisitiza hapo, kwa sababu wengi mnadhani alikuwa namba 9. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumfuata beki wa kushoto wa adui asipande. Kazi ya pili, krosi ikitoka upande wa pili au kona ikipigwa, aingie kwenye boksi akiwa na urefu ambao mabeki wa pembeni hawana. Timu inafanya kazi dakika 60 ili ipate mpira mmoja wa juu, na inajua nani ataumalizia.

Kwa hiyo taifani timu ilijengwa ikijua kipaji chake kiko wapi. Klabuni alikuwa anaazimwa kwa dharura.

Mzee Lala Salama

Shikamooni kwa mtakaoitikia, na marahaba kwa wengine. Nimefuatilia Bundesliga tangu enzi za kusikiliza redioni. Mwanakona anasema kweli kuhusu Bremen. Na baada ya Euro hali haikuwa nafuu: Ailton aliondoka kwenda Schalke, lakini wakamleta Miroslav Klose. Kijana ametoka kuwa bingwa wa Ulaya, anarudi kazini anakuta kiti kilichoachwa wazi kimeshapata mwenyewe.

Mwanakona

Shikamoo mzee wangu. Kiti hicho ndicho kilichomtesa maisha yake yote ya klabu, na hili ndilo jambo ninalolitazama tofauti na wengine. Fuateni uhamisho wake mmoja mmoja muone.

Dirisha dogo la Januari 2005 anakwenda Ajax. Ajax walikuwa wameuza nani miezi michache kabla? Zlatan Ibrahimović, kwenda Juventus. Mashabiki wa Amsterdam walikuwa wamezoea mtu mrefu anayepiga chenga mabeki watatu. Wakaletewa mtu mrefu mwingine, wakategemea mambo yale yale. Kilichofanana ni urefu tu. Aliyekuwa kocha, Ronald Koeman, akajiuzulu mwezi uliofuata. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2006, Ajax wakamleta Klaas-Jan Huntelaar, na hadithi ikaishia hapo, ingawa Charisteas aliondoka na Kombe la Uholanzi mkononi.

Agosti 2006 anakwenda Feyenoord. Moja kwa moja kutoka Ajax. Wanaoijua chuki ya Amsterdam na Rotterdam wanaelewa uzito wa kuvua jezi ile na kuvaa hii. Na Feyenoord walikuwa wamempoteza nani? Dirk Kuyt kaenda Liverpool, Salomon Kalou kaenda Chelsea. Yaani mabao yote ya timu yameuzwa kiangazi kimoja, kisha anatafutwa mtu wa kuyafidia, naye anatokea kwa adui. Msimu wenyewe ukawa wa mikosi: Januari 2007 wakafukuzwa Kombe la UEFA kwa fujo za mashabiki kule Nancy, na ligi wakamaliza wa 7.

Ibrahimović, Kuyt. Nani katika dunia hii angeziba mapengo hayo mawili mfululizo? Klabu zilikuwa zinanunua lile bao la Lisbon, kisha zinampeleka mtu kufanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya hata siku alipofunga bao hilo.

Ngamiani Stendi

Mkuu, hapo kidogo nakupinga. Mchezaji na wakala wake nao wana akili. Ukiitwa Ajax kumrithi Zlatan, unajua unachoingia. Angeweza kuchagua timu ya kati inayocheza krosi, akawa mfalme huko.

Mwanakona

Hoja yako nzito, siikatai. Na alifanya hivyo mwaka 2007: akaenda Nürnberg, timu ya kati, ndiyo kwanza imetwaa Kombe la Ujerumani chini ya Hans Meyer. Ilipaswa kuwa nyumba yake. Walishuka daraja msimu ule ule.

Lakini kuna usiku mmoja wa Nürnberg nataka niuweke hapa. Februari 2008, Kombe la UEFA, wakapangwa na Benfica. Mechi ya kwanza ilichezwa Luz ile ile ya Lisbon, Benfica wakashinda 1-0. Marudiano Ujerumani, dakika ya 59 Charisteas akafunga. Dakika ya 66 Saenko akaongeza la pili. Nürnberg wanavuka, uwanja unatetemeka. Dakika ya 89 Óscar Cardozo akafunga. Kabla hawajameza mate, Ángel Di María akafunga jingine. 2-2, Benfica wanapita. Hii ndiyo mechi ninayoikumbuka kila nikisikia mtu anamwita mwenye bahati.

Mzee Lala Salama

Nami nilete mtu wangu, kwa ruhusa ya mwenye uzi. Tukizungumza Wagiriki waliotembea, Theofanis Gekas hana mpinzani. Msimu wa 2006-07 alikuwa mfungaji bora wa Bundesliga akiwa na Bochum, mabao 20. Bochum! Leverkusen wakamchukua. Februari 2009 akapelekwa kwa mkopo Portsmouth, akacheza dakika chache mno. Kisha Hertha, Frankfurt, halafu Levante ya Hispania na timu chungu nzima za Uturuki: Samsunspor, Akhisar, Konyaspor, Eskişehirspor, Sivasspor. Mechi za kufuzu Kombe la Dunia 2010 ndiye aliyefunga kuliko wote Ulaya, mabao 10. Msimu wa 2010-11 Frankfurt alifunga 16, na timu ikashuka daraja bado. Mabao ya taifa 24, moja tu pungufu ya Charisteas. Huyu alikuwa mfungaji halisi, na kila alikokwenda alifunga.

Mwanakona

Mzee, Gekas namvulia kofia. Kwa kufunga mabao ya ligi, wiki hadi wiki, alimzidi Charisteas, na sitabishana nawe hata dakika moja.

Ila umegusa kitu bila kukusudia. Gekas alipopelekwa Portsmouth Februari 2009, Leverkusen walibaki na pengo. Wakamwazima nani kuliziba? Charisteas, kutoka Nürnberg iliyokuwa daraja la pili. Ibrahimović, Kuyt, na sasa Gekas, Mgiriki mwenzake. Leverkusen wakafika fainali ya Kombe la Ujerumani mwezi Mei, na huko wakafungwa 1-0 kwa bao la Mesut Özil. Waliowafunga ni Werder Bremen.

Bi Kandanda

Jamani. Mimi nilikuwa nataka kujua tu kuhusu benchi, sasa nasoma kama tamthilia. Na Kombe la Dunia la Afrika Kusini alikuwepo?

Mwanakona

Alikuwepo kikosini, dada. Na ndiko Ugiriki walikopata bao lao la kwanza na ushindi wao wa kwanza katika Kombe la Dunia, 2-1 dhidi ya Nigeria pale Bloemfontein. Mabao ya Salpingidis na Torosidis. Sisi huku tulinuna, kwa sababu Sani Kaita alipewa kadi nyekundu mapema na mechi ikabadilika hapo hapo. Baada ya mashindano Rehhagel akaondoka, miaka 9 imekwisha.

Halafu ikaja Arles-Avignon. Kwangu mimi hapa ndipo hadithi yote ilipo, kuliko hata Lisbon.

Klabu ndogo ya kusini mwa Ufaransa, imepanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza katika historia yake, kiangazi cha 2010. Pesa hawana. Wakaokota wakongwe waliobaki huru. Mmoja akawa Charisteas. Mwingine akawa Angelos Basinas.

Someni jina hilo tena. Mpiga kona na mpiga kichwa. Miaka 6 baada ya Luz wamevaa jezi moja tena, mmoja ana miaka 34, mwingine 30, kwenye timu iliyopoteza mechi zake 8 za kwanza za ligi. Akina Angelos wawili ambao majina yao kila mtoto wa Ugiriki anayajua, wako chini kabisa ya msimamo wa ligi ya watu wengine. Kabla mwaka haujaisha Charisteas hakuwa tena mchezaji wa Arles. Timu ikashuka ikiwa ya mwisho. Nimejaribu mara nyingi kuwaza ilikuwaje mazoezini, kona ikipigwa, wakitazamana.

Ngamiani Stendi

Daah. Hili la Basinas sikulijua kabisa. Nimesoma mara mbili.

Mzee Lala Salama

Nalikumbuka. Na baada ya hapo Schalke, Januari 2011, chini ya Felix Magath. Mwanakona, eleza ile mechi ya Frankfurt, vijana waipate.

Mwanakona

Machi 2011. Schalke nyumbani dhidi ya Eintracht Frankfurt, timu ya Gekas. Schalke wametangulia. Kipindi cha pili Georgios Tzavellas, beki wa Frankfurt, Mgiriki naye, anabutua mpira kutoka nusu yake ya uwanja, mita 73, mpira unadunda mbele ya Manuel Neuer na kumpita juu. Wakati ule lilikuwa bao la mbali kuliko yote kuwahi kurekodiwa Bundesliga, hadi rekodi ilipovunjwa mwaka 2014. Dunia nzima imeliona bao hilo.

Matokeo ya mechi je? Dakika ya 85 Charisteas, mzee wa akiba, akafunga la ushindi, 2-1. Nchi moja ina wafungaji wawili mchana mmoja. Aliyesababisha pointi 3 hakuna anayemtaja. Siku chache baadaye Magath mwenyewe akatimuliwa. Schalke ile ya Raúl na Huntelaar (ndiyo, Huntelaar yule yule wa Ajax) ikafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na kuchukua Kombe la Ujerumani.

Baadaye alirudi kwao, Panetolikos ya Agrinio, iliyokuwa imepanda daraja. Ikashuka 2012. Mwaka 2013 akapita Al Nassr ya Riyadh kwa muda mfupi, na hapo ndipo safari ilipokoma.

Ngamiani, ulisema angechagua vizuri zaidi. Labda. Lakini nikitazama orodha hii yote naona mtu aliyekuwa akiitwa nyumba inapovuja, akaenda kila alipoitwa, akabeba lawama za watu waliouzwa kabla hajafika. Na kila Rehhagel alipomwita, alirudi na kufunga. Nasimama na kauli yangu.

Mtu wa Riyadh

Wakuu, salamu kutoka huku. Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye zamu ya usiku. Mwenye uzi amepita Al Nassr haraka, nami nataka niongeze neno moja hapo. Jezi ile ya njano aliyoimalizia Charisteas mwaka 2013 ndiyo aliyokuja kuivaa Cristiano Ronaldo mwanzoni mwa 2023. Yule kijana wa miaka 19 aliyelia uwanjani Luz baada ya kile kichwa. Huku ukiwauliza mashabiki wa Al Nassr kuhusu Mgiriki aliyepita kwao miaka 10 kabla ya Ronaldo, wachache sana wanamkumbuka. Kesho kazini nitawauliza tena, safari hii nikiwa na cha kuwaeleza.

Mwanakona

Mkuu wa Riyadh, nimekaa na uzi huu wiki nzima nikiuandika, na hilo la jezi sikuliona. Ukiwauliza, rudi utuambie walichosema.